Kitanda cha Bibi

Juzi, pale Manyamanyama, niliona mgonjwa akipakiwa kwenye bodaboda, nikamkumbuka bibi. Kijiji chetu cha ujamaa, kule Mugeta, hakikuwa na gari hata moja. Alasiri moja malaria ilimzidia bibi, majirani wakambeba na kitanda chake cha kamba kumpeleka hospitali, Bunda.

Mimi nilikuwa nimeona maiti tu wakibebwa hivyo. Nikawafuata nikilia, pua imejaa vumbi na harufu ya jasho lao.

Bibi akainua kichwa. "Unamlilia nani, mjukuu wangu? Mtu aliyekufa anaongeaga?"

Wanaume wakacheka hadi kitanda kikatikisika, naye akawakaripia.

Siku aliyorudi, kwa miguu yake mwenyewe, tulimsikia zizini akigomba kwamba ng'ombe wake hawakukamuliwa vizuri.