Gari lililobadilishiwa kafili

Katika duka la vipuri hapa Al Wakrah, jirani na Doha, Mzanzibari mmoja alilirudisha boksi la pampu kama sahani iliyokutwa na unywele. "Gari langu la Kiswidi, si la Kimarekani."

"Kaka, Wamarekani walikinunua kiwanda cha gari lako, wakaweka pampu zao," akasema muuzaji. "Baadaye wakakiuza, kikafa. Itakayoingia ni hii."

"Basi bora lilale."

Mkewe, mwenye sare ya hoteli, akalichukua boksi. "Bwana we, nikichelewa tena kazini Lusail nafukuzwa. Meneja hataniuliza pampu ya nani."

Akalipa.

Sisi wafanyakazi wageni wa Doha hatukupaswa kushangaa. Ukibadilishiwa kafili, yaani mdhamini wako wa kazi, jina na sura vinabaki vyako. Mengine anaamua yeye. Na kazini unafika.