Kitanda cha Mninga

Marehemu Haidari, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa seremala wa Kasulu. Mwaka 2013 mkewe Zaitun alishindwa kukaa kitako kwa maumivu ya kiuno, na mama yake alikuwa mgonjwa sana kule Murungu. Haidari akamjengea mkewe kijumba cha mbao cha kupachika nyuma ya pikapu, ili asafiri amelala.

Ubavuni mwa gari iliandikwa mzigo usizidi kilo elfu moja. Kabla ya kuziunganisha, Haidari alipeleka mbao zote, moja moja, kwenye mizani ya maharage ya Shamsi sokoni.

"Fundi, leo unauza nyumba kwa kilo?" Shamsi akamtania.

Haidari akaendelea kujumlisha. Kijumba, kitanda, maji na wao wawili, jumla ilizidi kwa kilo sitini, na milima ya njiani haina huruma na springi. Kitanda chao peke yake kilikuwa na kilo tisini, mninga mtupu.

Akarudi nyumbani, akakaa kando ya mkewe. "Mama Kuruthumu, tungoje nichonge kingine chepesi."

"Mama naye atangoja?" Zaitun akamshika mkono. "Toa kitanda, weka godoro chini. Kwani uliponioa ulikuwa na kitanda? Tulilala mkekani, na sikulalamika."

"Ulilalamika kwamba nakoroma."

"Hilo nalalamika mpaka sasa."

Waliondoka baada ya swala ya alfajiri. Zaitun alimkuta mama yake hai, akamlisha uji kwa mkono wake.

Mwaka uliofuata Haidari alitangulia mbele ya haki. Kitanda kile Zaitun bado anakilalia, upande mmoja tu.