Kijana Niliyemrudisha Uwanjani

Iko siku moja, mwanangu, nnayoikumbuka kuliko hata siku niliyooa, na laiti ningeweza kuisahau. Nilikuwa nimesimama kando ya uwanja, huko Marekani, kwenye baridi kali, na kijana mmoja jina lake Danieli alikuwa anakuja kwangu akiyumba.

Lakini nianze nyuma kidogo. Hapa mtaani kwetu Al Khoudh, Maskati, watu wananiita Kocha, na wengi wenu mnadhani nilifundisha mpira huu wa miguu. Sivyo. Nilikwenda Marekani kusoma uhandisi, kijana mwembamba wa Maskati niliyelelewa na mama wa Kizanzibari. Siku moja makocha wa chuo wakaniona nnavyopiga mpira, wakanitia kwenye timu ya chuo. Mpira wao umechongoka huku na huku, huubeba mikononi na kugongana kama mafahali, ndiyo maana huvaa kofia ngumu. Kazi yangu mimi ilikuwa moja tu, kuupiga upite juu baina ya nguzo mbili, na wallahi nilikuwa hodari. Mwaka wa mwisho nilicheza na kifundo cha mguu kilichovimba. Nilikuwa nakifunga bandeji nanyamaza, na watu wakanisifu kwa ustahamilivu. Sifa ile ndiyo iliyoniharibu. Nilipomaliza masomo chuo kikanichukua kuwa msaidizi wa kocha, na miaka ikenda, nikawa kocha mwenyewe. Nikawafundisha watoto wa watu lile lile nililosifiwa: maumivu ni ya kumezwa. Wazee wetu walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo naijua tangu utotoni nasoma Kurani chuoni kwa maalim, lakini kuijua methali ni jambo moja na kuifuata ni jambo jengine.

Basi siku ile ya baridi Danieli aligongwa kichwani na goti la mtu. Alikuwa mkimbiaji wangu bora, mwana pekee wa mama mmoja muuguzi. Akainuka mwenyewe, lakini akaenda kwenye benchi la wapinzani, wakamgeuza kwa mabega wakamwelekeza kwetu. Hayo niliyaona kwa macho yangu. Alipofika nikamuuliza, "Uko sawa?"

Akasema, "Niko sawa, Kocha."

Daktari wa timu alikuwa hatua chache tu, anamtazama mchezaji mwengine. Sikumwita. Dakika zilikuwa zimebaki kidogo na sisi tulikuwa nyuma. Nikampiga kofi la bega, nikamrudisha uwanjani. Alipogongwa mara ya pili hakuinuka.

Hakufa, alhamdulillahi. Lakini alilala hospitali wiki nyingi, na alipotoka ulimi ulikuwa mzito, mwanga unamuumiza, na akifungua kitabu herufi zinamcheza. Masomo akayaacha.

Chuo kikaunda kamati. Wakaniuliza, "Alikwambia anaumwa?" Nikajibu, "Hapana. Nilimuuliza, akasema yuko sawa." Kila neno lilikuwa kweli, na jawabu zima lilikuwa uongo. Kisha wakamuuliza yeye. Alikuwa amevaa miwani nyeusi, mama yake kamshika mkono. Akasema polepole, "Kocha anasema kweli." Nami nikashusha pumzi kwa raha. Kumrudisha uwanjani lilikuwa kosa, mwanangu. Ile pumzi ndiyo aibu.

Likizo ilipofika nikaja nyumbani Maskati. Ami yangu akatualika chakula cha mchana kwake Qurum, na ukoo mzima ukaja kumtazama Kocha. Wakaniuliza habari za yule kijana, maana zilikuwa zimewafikia. Nikaeleza nikamaliza kwa kusema, "Kamati imenisafisha." Wakanipongeza, wakaniongeza nyama.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani kwetu Al Khuwair, mimi nnaendesha, mama yangu kakaa kando yangu, tukatoka barabara kuu. Kisha akaita, "Salum."

"Labeka, mama."

"Umesema wamekusafisha. Kwani ulikuwa na uchafu gani?"

Nikapunguza mwendo wa gari. Akaniuliza, "Wewe kwa macho yako ulimwonaje?"

"Nilimwona anayumba."

"Na mama yake umekwenda kumtazama?"

"Bado, mama."

Akageuza uso akatazama nje ya dirisha. Mama yangu hakupandisha sauti maisha yake yote, na siku hiyo pia hakupandisha. Akasema, "Mimi nimezaa watano. Mtoto akikwambia hajambo, humtazami mdomo, unamtazama macho. Na wewe ulitazama, ukaona, ukajifanya hukuona. Usiniite nikakusikilize ukisifiwa tena." Tulipofika akashuka, akafunga mlango wa gari polepole. Laiti angeubamiza.

Nilirudi Marekani nikaenda kwanza nyumbani kwao Danieli. Mama yake alinifungulia, hakunikaribisha kiti. Nikasema yote nikiwa nimesimama, nikaomba radhi. Danieli alikuwa kakaa kwenye kochi, mapazia yamefungwa. Akasema, "Nilikuwa nakungoja uniulize mara ya pili, Kocha. Ningekwambia."

Kutoka pale nikaenda kwenye kamati nikasema nilichokiona. Kazi nikaipoteza, na ilikuwa haki. Danieli alipona nusu. Siku hizi anatengeneza saa mjini kwao, tunaandikiana Idi na Krismasi. Mama yake hajawahi kunisamehe, nami sijawahi kumwomba tena. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu nakaa naye nyumba moja.

Kwa hivyo mwanangu, ukipewa watu uwaongoze, wachezaji wawe, wanafunzi wawe, hata mdogo wako wa tumbo moja, jua kwamba aliye chini yako atakujibu lile unalolitaka. Si mwongo, anakuheshimu tu, au anakuogopa. Muulize tena, na mara hii nyamaza umngoje. Na ukishakosa, usijifiche nyuma ya neno la kweli. Nenda kaseme lote, kabla mama yako hajakuuliza.

Mola akupe macho ya kuona na moyo wa kukiri ulichokiona. Akuepushe na sifa zinazopofusha, na kila atakayewekwa mikononi mwako arudi kwa mama yake mzima. Amin.