Masomo Sitini na Manne Yasiyoruhusiwa Kusahihishwa

Saa tatu na robo asubuhi, ndani ya ukumbi wa stesheni ya reli ya Changhua, Shih Pi-yun amezamisha kiwiko chini ya bega la mkata tiketi aliyekuja na sare yake ya kazi. Viti vya kukandia viko vinne, na kati ya kimoja na kingine kuna pazia. Mteja analalamika kwamba leo mkono ni mzito. Pi-yun anamwambia avute pumzi, kwani bega ni lake na ugumu ameuleta mwenyewe.

Simu iliyo kwenye mfuko wa aproni inaita. Inakatika, kisha inaita tena. Pi-yun hapokei, ingawa kifaa kidogo alichopachika sikioni kimeshamtajia jina la anayepiga. Ni mwalimu wa chuo kimoja cha kusini, kinachowafundisha vipofu kazi ya ukandaji.

“Watakuwa wamepata mwingine aliyepotelewa,” anasema, na kuhamia bega la pili.

Pi-yun ana miaka hamsini na saba na hajaona tangu akiwa na sita. Kukanda ndiyo kazi aliyoijua maisha yake yote. Dakika kumi ni dola mia moja za Taiwan. Mwezi mzuri humwachia elfu ishirini na mbili baada ya kulipia kiti, na mwezi wa mvua haufikishi hata elfu kumi na tano. Umaskini huo ameuzoea na hauzungumzii sana. Kinachomkosesha raha ni masomo aliyoyaandika yeye mwenyewe, bure, kwa nia njema kabisa.

Masomo yenyewe yanahusu Lingting, programu inayowasomea wasioona kila kilichoandikwa kwenye kompyuta. Ni programu huria. Vijana wa kujitolea waliitunga wakaiachia watu wote, na anayejua kazi hiyo anaweza kuifungua, kuibadilisha na kuigawa. Lakini kipofu aliyepewa programu bila masomo hajapewa kitu. Kwa hiyo kwa miaka minane Pi-yun na mwenzake wa kiti cha jirani, Chan Mu-huo, ambaye pia hakuwa akiona, waliandika na kurekodi masomo sitini na manne. Sentensi moja ilianzwa na huyu, ikamaliziwa na yule. Sauti nyingi ni za Mu-huo, kwa sababu Pi-yun anasema yake inakwaruza.

“Ukiniuliza leo ipi ni yangu na ipi yake, sikwambii,” anasema. “Sijui.”

Balaa lilianza mapema, wakati wamefikisha masomo ishirini tu. Mwalimu mmoja mwenye macho yake mazima alichukua somo la kufuta mafaili, akalipangua na kulifupisha. Palikuwa na hatua inayomtaka msikilizaji alisikie jina la faili mara ya pili kabla ya kufuta. Mwalimu aliona ni marudio, akaitoa. Mzee Hsu, mfinyanzi mstaafu aliyepofuka uzeeni, akalifuata somo hilo fupi na kufuta sauti za marehemu mkewe, rekodi thelathini na moja.

“Hakunigombeza,” anakumbuka Pi-yun. “Aliniuliza tu kama kuna somo la kurudisha.”

Miezi miwili baadaye, Tu Yen-chih, kijana aliyekuwa akiwaongoza watunzi wa Lingting, alifika stesheni saa ya chakula cha mchana. Alikuwa na jambo moja. Programu ilikuwa na leseni yake, lakini leseni ile iliihusu programu tu. Masomo hayakuwa na yoyote, na maktaba za sauti za wasioona hazipokei kitu kisicho na leseni. Ilibidi wachague.

Walichagua wakiwa na mabakuli ya bawan, madonge ya unga yenye nyama ndani, mapajani, mchuzi ukiwachuruzika vidoleni. Yen-chih aliwasomea aina nne. Ya kwanza, kila mtu afanye atakalo mradi awataje walioandika. Ya pili, abadilishe, lakini naye aachie alichobadilisha kwa masharti yale yale. Ya tatu, asifanyie biashara. Ya nne, anakili na kugawa apendavyo, ila asiguse hata neno moja.

Mu-huo aliitaka ya pili. Pi-yun, ambaye Mzee Hsu alikuwa bado hajamtoka masikioni, hakutaka kusikia nyingine zaidi ya ya nne. Yen-chih alijaribu kumwonya.

“Dada Yun, programu itakua. Masomo yasipokua nayo, iko siku yatawadanganya watu.”

“Anayetaka kubadilisha atuombe,” Pi-yun akamjibu. “Tupo hapa hapa. Sisi tunaenda wapi?”

Mu-huo alicheka, akamwita mama mkwe, akasema mama mkwe habishiwi. Ikawekwa ya nne. Pi-yun anasimulia hilo bila kujitetea. Anasema alimsukuma mtu mpole, na mtu mpole akasukumika.

Kwa muda mrefu ilionekana amefanya vyema. Masomo yalienea kisiwa kizima, kwenye maktaba, vyuo, simu na diski za watu majumbani, na yote yalikuwa neno kwa neno kama walivyoyatoa. Kila Lingting ilipobadilika kidogo, wawili hao walikaa, wakarekebisha na kutoa upya. Kisha, miaka minne iliyopita, Mu-huo alianguka asubuhi moja akifunga kamba za viatu. Hakufika hospitali akiwa hai.

Majuto ni mjukuu, na huyu alichukua miaka miwili kuja. Lingting ilipotoa toleo jipya, watunzi walilazimika kuhamisha vitufe kadhaa, kwa sababu mfumo wa kompyuta ulikuwa umevichukua kwa kazi nyingine. Kimojawapo ni kile cha somo la kumi na mbili, lile la kufuta mafaili. Zamani ukikibonyeza, kilikusomea jina la faili mara ya pili. Sasa ukikibonyeza, kinathibitisha kwamba unataka kufuta.

Yaani hatua ile ile ambayo Pi-yun aliipigania isiondolewe ndiyo inayofuta.

Wa kwanza kumpigia alikuwa Pan Yu-ju, binti wa miaka kumi na tisa anayesomea ukandaji. Maandalizi yake yote ya mtihani wa leseni ya kazi, miezi kumi na moja, yalipotea kwa kubonyeza mara moja. Hakuamini kama kosa lilikuwa la somo. Alijilaumu yeye mwenyewe, na hilo ndilo linalomuumiza zaidi Pi-yun.

“Aliniambia, ‘Mwalimu, labda nimesikia vibaya, kwa sababu nimefuata kama mlivyosema, nimelirudia somo mara tatu.’ Nikamwambia hujasikia vibaya, mwanangu. Sisi ndio tumekwambia vibaya. Lakini wapi. Sauti ya Mu-huo anaiamini kuliko yangu.”

Tangu hapo Pi-yun amehesabu watu kumi na saba, na hao ni waliopiga simu tu.

Mtu atauliza kwa nini asirekebishe somo moja, mambo yakaisha. Aliuliza hivyo hivyo. Wakili wa kujitolea akamweleza kwamba masomo yale yana wenyewe wawili, na hakuna anayeweza kuyabadilisha wala kuyapa leseni nyingine bila mwenzake. Mwenzake akifa, haki inakwenda kwa warithi wake. Mu-huo hakuoa, wazazi walikwishatangulia, aliyebaki ni kaka mmoja. Unahitajika muhuri wake, ambao huko ndio sahihi ya mtu, kwenye karatasi moja. Vijana wa Lingting walimshauri ayabadilishe masomo kimya kimya, nani atamshitaki? Maktaba zikakataa. Haziwezi kuweka nakala isiyo na ruhusa ya wote, wala hazina sababu ya kisheria ya kuzitoa nakala mbovu zilizomo ndani. Pi-yun ameweka onyo kwenye ukurasa wake. Wenye diski majumbani hawasomi ukurasa wake.

Kwa hiyo mara tatu amepanda treni mpaka Tatsun, akatembea na fimbo yake kati ya mashamba ya zabibu mpaka kwa Chan Mu-sheng, kaka wa marehemu. Mara ya mwisho ilikuwa Januari, wakati wa mavuno. Alibeba keki za kiini cha yai. Wakampa kiti, wakampa chai, wakaulizana hali za mapafu na magoti. Ndipo Mu-sheng akalianza mwenyewe.

“Dada, hebu nikuulize. Kitu hiki mnauza?”

“Hatujauza hata siku moja, kaka.”

“Ni cha bure?”

“Cha bure.”

“Sasa kama ni cha bure, muhuri wa nini?”

Pi-yun alisema cha bure nacho kina mwenyewe, na nusu ya mwenyewe huyo alikuwa Mu-huo. Mu-sheng akasema basi na aachwe apumzike. Mkewe, aliyekuwa akichambua zabibu pembeni, akaongeza kwa upole kwamba baba mkwe naye aliambiwa ni karatasi ndogo tu.

Habari hiyo Tatsun nzima inaijua. Zaidi ya miaka arobaini iliyopita, ndugu wa ukoo alimletea mzee Chan karatasi ya kupitisha mfereji wa maji. Mzee hakujua kusoma. Akapiga muhuri, na mwaka uliofuata nusu ya shamba ikawa ya yule ndugu. Kabla hajafa aliwaapisha wanawe wasipige muhuri kwenye karatasi ya mtu yeyote, hata akija analia. Mu-sheng anajua kusoma, na karatasi ya Pi-yun ameisoma mara tatu. Haimwingii akilini kwamba mwanamke, tena asiyekuwa mke wa mdogo wake, apande treni mara tatu kwa ajili ya kitu kisicho na faida. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Pi-yun anajua hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Naye aliumwa, kwa Mzee Hsu, akashtuka, akachagua ya nne.

“Nilitamani awe mtu mbaya,” anasema. “Ningemtukana, nikarudi nyumbani nikalala. Walinifungashia kilo mbili za zabibu. Tamu.”

Hakwenda tena. Mu-sheng ana miaka sabini na moja na watoto watatu. Akifa naye, mihuri inayohitajika itakuwa minne, pamoja na wa mkewe.

Mteja wa sare ameinuka, amelipa, amekwenda kwenye dirisha lake la tiketi. Pi-yun anafuta kiti na kumpigia yule mwalimu wa kusini. Anasikiliza, anauliza jina, anauliza kilichopotea. Ni kijana aliyekuwa akiandika kumbukumbu za wateja wake. Pi-yun anaomba radhi kwa sentensi ile ile aliyoitumia kwa wengine, na anasema imeshaanza kumchukiza.

Njia iliyobaki ni kuandika upya, masomo yote, peke yake, na kuziomba maktaba ziyaweke mapya mbele ya ya zamani. Wakili amemwonya asinakili sentensi za zamani, kwa kuwa ni za wawili. Hivyo anaogopa hata kuyasikiliza. Kila akiona sentensi imetoka vizuri, anaifuta, kwa hofu kwamba huenda ni ya Mu-huo. Kwa miezi minne amemaliza matatu. Kwa mwendo huo atakuwa na miaka sitini na nne atakapofika mwisho, na Lingting haitamsubiri.

Hataki kusifiwa kwa hilo. Anasema mtu aliyetia watu shimoni hasifiwi kwa kuchimba ngazi. Ila safari hii ameanza na somo la kumi na mbili, na kabla hajaandika neno la kwanza alimwomba Yen-chih amsomee tena zile aina nne za leseni. Akachagua ile aliyoitaka Mu-huo.

“Sidhani kama nitayamaliza,” anasema. “Lakini nikikosea wanisahihishe. Wanisahihishe hata nikiwa kaburini. Ruhusa nimeshaitoa.”