Kitako cha Bunduki ya Helmi

Tangu theluji ya kwanza idondoke, Arvid Niemela hakutulia. Mara akae, mara asimame, mara ashuke chumba cha chini kwenye meza yake ya kazi, aitazame bunduki, kisha apande tena kumimina kahawa asiyoinywa. Maisha yake yote aliendesha lori la magogo katika misitu ya kaskazini mwa Michigan, akapita kwenye barafu ambayo vijana waliikimbia. Leo mzee mzima alikuwa anaogopa msumeno.

Bunduki ilikuwa ya mkewe, Helmi, aliyefariki mwaka juzi. Na tuseme kweli, kwa kuwinda Helmi alimshinda mumewe mbali. Kabla hajafa alisema bunduki ni ya mjukuu wao, Marlee, na sasa Marlee alikuwa amefikisha umri wa kuwinda kulungu. Arvid alisugua kutu hadi mtutu ukang'aa, akaupaka mti wake mafuta. Ila pale shavu la Helmi lilipozoea kuegemea, vanishi ikalika, hapo hakugusa. Kilichobaki ni kufupisha kitako, ule mwisho wa mti unaoegemea begani, kwa sababu mikono ya mtoto ni mifupi. Mti ukishakatwa umekatwa, na hilo ndilo lililomnyima usingizi.

"Baba, unaikata au unaitambikia?" Lorna, mama yake Marlee, alimpigia kelele kutoka ngazini. "Msimu unafunguliwa kesho!"

"Haraka haraka haina baraka."

"Na ngojangoja huumiza matumbo. Kata!"

Basi akampima Marlee jikoni, kutoka kwenye kiwiko hadi kidole cha kufyatulia. Mtoto alikuwa amevaa fulana. Huko kwao hata mlevi anajua kwamba mtoto hupimwa akiwa na koti lake la kuwindia, maana koti nene linakula urefu wa mkono. Arvid mwenyewe aliwahi kumcheka jirani kwa kosa hilo hilo. Lakini bila koti, kipande cha kukata kilitoka chembamba kama slaisi ya mkate, na moyo wake ulilipenda jibu hilo. Akakata haraka kabla akili haijamrudia.

Mchana wakatoka nyuma ya nyumba kuijaribu, bila risasi. Marlee alikuwa ndani ya koti lake la rangi ya chungwa. Alipoinua bunduki, kitako kikakwama kwapani. Akainua tena, shingo ikamtoka kama ya bata.

"Shusha bega kidogo," Arvid alisema. "Nyoosha mkono. Utazoea tu." Aliisikia sauti yake mwenyewe ikidanganya, asiipende.

Marlee akamkabidhi bunduki, akafungua zipu, akalitupa koti kwenye theluji. Akaichukua tena bunduki akiwa na fulana tu, meno yakigongana. Ikamkaa sawasawa.

"Ona, Babu! Kesho kulungu akitokea, navua koti."

"Utaganda, we mtoto!"

"Sigandi. Sitaki uikate tena. Nilikusikia kule chini ukilia."

Aibu ilimpanda Arvid hadi masikioni. Mtoto wa watu anatetemeka kwenye theluji ili yeye abaki na kipande cha mti! Akaokota koti, akalikung'uta, akamvisha, akafunga zipu hadi kidevuni. Akampima upya pale pale, koti na unene wake wote, akachora mstari kwa penseli kwenye kitako. Mstari ulikuwa mbali na pale alipokata mara ya kwanza.

Wakashuka wote wawili chumba cha chini. Arvid akakibana kitako kwenye jiliwa.

"Bibi hatakasirika?" Marlee aliuliza.

"Bibi yako? Angenikuta nimekuacha bila koti kule nje, angenikata mimi."

Marlee akacheka. Arvid naye akacheka, huku machozi yakimtoka bila kujificha. Akashika msumeno, na safari hii hakusita hadi kipande kilipoanguka sakafuni.