Mwenye Nyumba Aliyehamia Chumba cha Pembeni

Kwa miaka ishirini na miwili alishona sare za shule, hata watu wakasahau jina lake wakamwita Mama Sare. Mgongo ulipoanza kumsumbua, aliamua kutoa akiba yake anunue nyumba ya vyumba sita apangishe, uzee usije ukamkuta bado kainamia cherehani.

Mdogo wake, fundi wa friji, alifuatana naye kuitazama. Kilikuwa kiangazi. Kuta zilikuwa zimepakwa rangi juzi tu, bado zinanuka.

"Dada, tusubiri inyeshe hata mvua moja, ndipo turudi," alisema mdogo wake.

Dalali akacheka. "Kuna watu wawili wanakuja kesho na hela mkononi. Nyumba nzuri haisubiri mawingu, mama."

Mama Sare akaogopa kupokonywa tonge mdomoni. Akanunua.

Wapangaji walijaa ndani ya wiki mbili. Aliwapa funguo kwa tabasamu, bila mkataba wala maswali. Aliona kuwahojihoji watu wazima ni kukosa adabu. Kisha mvua zikaanza, na simu nazo zikaanza. Mlango umevimba, haufungi. Choo kinarudisha maji. Chumba cha pembeni kina unyevu. Mama Sare akatuma mtu apake rangi, akajisemea kwamba mpangaji haachi kunung'unika hata umlaze juu ya pamba. Kabla mwaka haujaisha, wapangaji watatu walikuwa wamekihama chumba kile.

Wa tatu alikuwa muuguzi wa zahanati, mwanamke mpole aliyeishi na binti yake mdogo. Mama Sare alimkuta mlangoni anafunga virago, mtoto amekalia begi anakohoa.

"Mwanangu, si ungeniambia?"

"Nilikuambia mara nne, mama. Ukaleta rangi." Muuguzi hakupaza sauti. "Sikulaumu. Ni vile tu hujawahi kulala humu."

Neno lile lilimchoma kama mwiba. Jumamosi iliyofuata akamwita mdogo wake ambebee godoro, jiko na cherehani, akahamia chumba cha pembeni.

"Dada, umechanganyikiwa? Mwenye nyumba unapanga kwako mwenyewe?"

"Ndiyo. Na wewe uwe mgeni wangu wa kwanza. Weka godoro pale."

Alfajiri alipanga foleni ya bomba na ndoo yake, akawa wa saba. Waliomtangulia walinyamaza ghafla, kama wanafunzi walioona mwalimu mkuu anaingia. Siku ya tatu aligundua kwamba mahali pa kufulia palikuwa nyuma ya ukuta wake, na maji ya kila beseni lililomwagwa hayakuwa na mfereji wa kupitia; yalizama chini ya msingi. Kumbe rangi ilikuwa kazi bure. Siku ya nne akakunjua kitambaa alichokiweka karibu na ukuta, akakuta kimeota madoa ya ukungu. Akamkumbuka yule mtoto. Akakaa juu ya godoro, akalia.

Mpangaji wa chumba cha pili, fundi viatu mwenye mvi, ndiye aliyekuwa akizibua choo kwa mikono yake tangu mvua zianze.

"Baba, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi? Unakuja mwisho wa mwezi, na siku hiyo hata kiti huvuti."

Mama Sare akavuta kiti. Walizungumza mpaka chai ikapoa.

Alikaa pale wiki tano. Alichimbisha mfereji, akapanua shimo la choo, akaongeza bomba la pili. Kodi ya miezi kadhaa ikaishia ardhini, na mdogo wake, kwa kumheshimu, hakusema "nilikuambia." Kisha akawaita wapangaji wote, akawasomea mkataba wa ukurasa mmoja: lipi lao, lipi lake, na tatizo likiripotiwa litashughulikiwa ndani ya siku ngapi. Fundi viatu alikataa kifungu cha kutopiga nyundo uani. Kikafutwa palepale.

Chumba kilipokauka, Mama Sare alikwenda zahanati kumtafuta muuguzi.

"Rudi, mwanangu. Safari hii nimelala mle mwenyewe."

Muuguzi alimshika mkono. "Nashukuru, mama. Lakini tumeshatulia tulipo."

"Na mtoto?"

"Hakohoi tena. Tangu tuhame."

Mama Sare alifurahi na kuumia kwa wakati mmoja. Aliinamisha kichwa, akasema, "Nisamehe."

"Yameisha, mama. Kuna mwenzangu wa maabara anatafuta chumba. Nitamleta mimi mwenyewe."

Akamleta kweli. Yule wa maabara aligonga kuta, akafungua mabomba yote mawili, akamhoji Mama Sare maswali mengi kuliko polisi, naye akayajibu yote bila kununa. Sasa ni mwaka wa nne, na bado anakaa mle.