Kisamvu Kilitaka Korosho

Jioni ya mwisho ya kawaida nyumbani kwetu, mimi na mke wangu tulibishana kama kisamvu kinaungwa kwa karanga au kwa korosho. Yeye, mtu wa Kisarawe, alisema korosho. Mimi wa bara nilisema karanga, kama nilivyosema kwa miaka ishirini na sita. Wiki hiyohiyo nilimzika.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwenye tamasha la magari ya chakula hapa Kibaha. Kwenye gari la tatu, dada mmoja alininyooshea kijiko cha kisamvu dirishani.

"Onja, baba. Kuonja bure, kusifia lazima."

Nikaonja karanga. "Hiki kilitaka korosho."

"Mama nyumbani ndiye anayetia korosho?"

"Ndiye."

"Basi mlete anifundishe, maana wewe unajua kula tu."

Foleni ikacheka. Nikasema nitamwambia. Ndivyo nilivyokubali kushindwa, mbele ya watu nisiowajua, nikiwa nimechelewa mwaka mzima.

Kesho yake asubuhi nilipanda bodaboda hadi Masaki ya Kisarawe, nikamwambia mama mkwe kwamba mwanawe alikuwa sahihi. Aliendelea kubangua korosho bila kuinua macho.

"Ungemwambia mwenyewe," akasema.